Spektromita ya boksi la viatu, na DVD iliyonitia aibu dukani

Nilitaka kutengeneza spektromita, kifaa cha kutenganisha mwanga katika rangi zake. Boksi la viatu lilikuwepo nyumbani, nyembe mbili zilikuwepo, gundi na karatasi nyeusi pia. Kitu pekee nilichonunua ni DVD tupu, na hicho kimoja ndicho kilichovuruga kazi nzima.

DVD ni mabamba mawili ya plastiki yaliyogandishwa pamoja. Ukiingiza ncha ya kisu ukingoni yanaachana, unachukua lile lisilo na utando wa fedha. Yangu haikuachana kabisa. Utando ulibanduka upande wa maandishi. Nikakata kipande hivyohivyo, nikafunga boksi, tukaelekeza mwanya ulio kati ya nyembe mbili kwenye balbu ya enaji seva. Kilichoonekana ni ukungu wa rangi zilizofifia. Binti yangu, aliyekesha akisubiri, akasema, "Baba, labda tukalale." Iliniuma sana.

Usiku ule nilijilaumu. Asubuhi nikakaa na hesabu. Mistari myembamba ya DVD, ndiyo inayotenganisha rangi, imeachana kwa mikromita 0.74, kwa hiyo kijani cha zebaki iliyomo kwenye balbu ile, chenye urefu wa wimbi wa nanomita 546, kinapinda karibu nyuzi 48, na tundu la kuchungulia nilikuwa nimelitoboa kwa pembe hiyo. Mistari ya CD imeachana kwa mikromita 1.6, kijani kinapinda nyuzi 20 tu. Na CD ni bamba moja, haipasuki. Nilikuwa nimeuziwa CD ndani ya karatasi ya DVD!

Nilirudi dukani kwa upole. Yule kijana hakuinua hata macho kwenye simu yake. "Mzee, umeshaikwangua, sasa unataka nini?" Nikamwomba aweke nyingine ya pakiti ileile kwenye kompyuta iliyokuwa mbele yake, aone mwenyewe kama haitasoma megabaiti 700, ujazo wa CD. Akamgeukia mteja mwingine: "Huyu anapasua DVD halafu anadai pesa." Watu wakacheka. Pesa yenyewe ni ndogo, wala sikuidai. Lakini nimefundisha fizikia miaka mingi, na kuchekwa kwa kuomba jambo lipimwe hadharani ni dharau ambayo hadi leo haijanitoka.

Nilikwisha kuamua kuwaambia watu wasijisumbue na kifaa hiki. Nafuta kauli. Jioni moja nilitoboa tundu jipya kwenye nyuzi 20, kwa kipande kilekile, nikasogeza nyembe hadi mwanya ukawa kama unywele. Mungu wangu! Mstari wa kijani umesimama mkali, buluu pembeni, nyekundu ng'ambo, na kati yake vipande vya giza. Binti akaning'ang'ania boksi: "Baba, rangi nyingine zimeenda wapi?" Hatukulala mapema.

Bado sijaridhika, lakini. Mistari myeusi iliyo kati ya rangi za mwanga wa jua, ile aliyoichora Mjerumani Fraunhofer kuanzia mwaka 1814, sijaipata kwa CD hii, na tumeitafuta kwenye ukuta mweupe unaopigwa na jua (jua lenyewe msilichungulie kamwe). Nahitaji DVD halisi. Duka lililo karibu ni lile lile, na pale sirudi.