TAHADHARI: petroli ya madumu imechakachuliwa kwa mafuta ya taa

Ndugu zangu, someni hii kabla hamjajaza tanki. Wiki iliyopita nilinunua lita 10 za petroli kwa muuzaji wa madumu kwa sababu alikuwa nafuu kuliko kituo. Pikipiki ikawaka kwa shida, ikatoa moshi, na kwenye mwinuko injini ikaanza kugonga kama misumari inayotikiswa ndani ya kopo. Fundi alipochomoa plagi, ilikuwa nyeusi tii kwa masizi.

Nikadondosha tone la ile petroli kwenye karatasi nyeupe. Petroli safi huruka yote ndani ya dakika chache, karatasi ikabaki kavu. Hii ilikauka pembeni tu. Katikati pakabaki doa la mafuta, na ukinusa ni harufu ya taa ya chemli. Niliporudi kwa muuzaji akanijibu kwamba petroli ya siku hizi ndivyo ilivyo. Si kweli!

Petroli ni mchanganyiko wa haidrokaboni nyepesi, yaani molekuli za kaboni na hidrojeni, nyingi zikiwa na atomi 4 hadi 12 za kaboni. Mafuta ya taa yana kama 10 hadi 16, kwa hiyo huchelewa kugeuka mvuke, hayaungui yote, na masizi ndiyo hayo. Kugonga nako kunatokana na minyororo mirefu ya kaboni iliyonyooka, iliyomo kwenye mafuta ya taa: ikigandamizwa kwenye silinda hulipuka yenyewe kabla moto wa plagi haujaifikia. Ndiyo maana kwenye kipimo cha oktani, kinachoonyesha mafuta yanavyostahimili kugonga, haidrokaboni iitwayo heptani, iliyonyooka, ilipewa 0, na nyingine iitwayo isooktani, yenye matawi, ikapewa 100.

Rangi isiwadanganye, maana hutiwa tu. Hata karatasi hainasi kila kitu: wakichanganya kidogo, doa huenda lisionekane, na petroli iliyotiwa oili makusudi kwa injini ndogo zinazohitaji mchanganyiko huo huacha doa bila kosa la mtu.

Kubwa zaidi ni hili. Kama tayari unayo, usiseme basi nitaipikia. Mvuke wa mafuta ya taa safi hauwaki mpaka yafike nyuzi 38 hivi za Selsiasi, lakini wa petroli huwaka hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Petroli kidogo tu ndani ya jiko au taa inatosha kulipuka usoni mwa mpishi. Lita zangu zilizobaki nimezifunga kwenye dumu, nimeliandika SUMU kwa herufi kubwa, liko nje, mbali na watoto na moto.