WSM 650 ya Nashville, redio ninayoamka nayo saa tisa usiku pale Mwaloni

Niseme mapema msije mkanidai uchambuzi wa kisomi, Kiingereza changu ni cha form four tena ya miaka ile, mi nauza chai, uji na chapati pale Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza. Saa nane na nusu usiku nishawasha jiko, maana boti za visiwani zikiingia na magunia ya dagaa makuli wanataka kitu cha moto tumboni kabla hawajaanza kubeba. Na kila usiku wa Jumamosi kuamkia Jumapili spika yangu ndogo ya bluetooth inaning'inia kwenye msumari wa kibanda inapiga muziki wa kantri kutoka Nashville kule Marekani, redio inaitwa WSM, mawimbi yao ni AM 650, huku kwetu hayafiki kwahiyo naipata kwa intaneti kwenye simu. Mwaka wa tatu huu, na wateja washazoea, ingawa bado kuna mmoja akija lazima aulize "Mama Kulwa, leo nani kafariki?"

Kantri sijaianza jana. Baba alikuwa dereva wa lori la pamba na alikuwa na kaseti mbili tu za maana, ya Jim Reeves na ya Don Williams, waimbaji wa kantri wa Marekani, na redio kaseti inayokula betri kubwa nne. Betri zikichoka hatutupi, tunazianika juu ya bati mchana kutwa, jioni baba anazirudisha moja moja anazigonga kidogo, basi Don Williams anaanza kuimba kwa kujivuta kama mtu mwenye mafua, na kadri usiku unavyoenda sauti inazidi kushuka mpaka inakuwa kama dume la ng'ombe linanguruma zizini halafu inakata. Mi nimekua nikijua ndo anavyoimba hivyo. Sasa siku ya kwanza mtoto wa dada yangu kaniwekea WSM kwenye simu, wakampiga Don Williams, nikasema huyu sio, huyu anamuiga, mbona sauti nyepesi na wimbo unatembea? Mtoto akacheka akasema mama mdogo huyo ndo mwenyewe. Aisee. Nikakaa kwenye ndoo ya unga nasikiliza wimbo nilioujua miaka zaidi ya thelathini kama vile nausikia mara ya kwanza, chapati ikaungua upande mmoja mpaka ikawa bati, nikamla mwenyewe huyo chapati maana nani angenunua. Baba hayupo sa hivi, ningempigia simu usiku uleule.

Haya, redio yenyewe. Ilianza kurusha tarehe 5 Oktoba 1925, ilifunguliwa na kampuni ya bima, na hizo herufi WSM zinatokana na maneno ya kampuni yaliyokuwa na maana ya "tunawakinga mamilioni", yaani redio kubwa ya kantri duniani ilianza kama tangazo la bima, biashara bana. Mwezi uliofuata, tarehe 28 Novemba, wakamweka mzee wa miaka 77 anaitwa Uncle Jimmy Thompson apige fidla, ndo kipindi kikazaliwa, na mwaka 1927 kikapewa jina la Grand Ole Opry na hadi leo kipo, hicho ndicho kinachoniamsha. Jumamosi ya 5,000 walifikisha tarehe 30 Oktoba 2021. Elfu tano! Mi genge langu likifungwa siku tatu mfululizo kwa msiba wateja wananihamia. Mnara wao nimeuona picha, ulijengwa 1932, una mita kama 246, katikati mpana na ncha zake nyembamba kama matenga mawili ya samaki yamefunikiana midomo ila yamevutwa marefu, na unarusha kwa kilowati 50, ndo maana usiku watu wa majimbo ya mbali sana wanaipata kwa redio ya kawaida tu.

Kinachonikamata ni kwamba Opry ni laivu. Watu wako jukwaani wanapiga kwa mikono yao, unasikia mtu anakohoa, unasikia ukumbi unacheka kitu ambacho mi sijakielewa na bado nacheka nao. Matangazo ya biashara mtangazaji anayasoma mwenyewe palepale kati ya mwanamuziki na mwanamuziki, kama yule jamaa wetu wa kipaza sauti mnadani anayeuza mashuka huku anawasalimia watu kwa majina. Fidla ikianza kulia mi nasikia zeze la Wasukuma, sidanganyi, na kuna lile gitaa wanalilaza wanatelezesha chuma juu ya nyuzi, likilia hivyo saa kumi alfajiri na ziwa limetulia, hata kuli mbishi anashusha gunia taratibu. Na mashairi yao ni mambo yetu, ng'ombe, mvua, mama aliyebaki kijijini, mume mlevi, treni.

Kwenye treni ngoja niseme kidogo. Mmoja wa nyota wa kwanza kabisa wa hiyo Opry alikuwa mtu mweusi, DeFord Bailey, alikuwa anapiga kinanda cha mdomo anaigiza treni, magurudumu, honi, mpaka inavyopotelea mbali. Mi nimezaliwa karibu na reli, ile iliyofika Mwanza 1928, na nilivyosikia alivyokuwa anaipiga nikajua huyu alikuwa mtoto wa karibu na reli kama mimi. Mwaka 1941 wakamwachisha kazi, akaishia kung'arisha viatu vya watu Nashville hukohuko, na ukumbi wa heshima wa kantri ulikuja kumwingiza 2005 wakati alishafariki 1982. Hii inaniuma na naisema kila mtu akiniambia kantri ni muziki wa wazungu tu.

Sasa muda, hapa ndo penye kazi. Kipindi cha Jumamosi kwao kinaanza saa moja jioni, huku kwetu ni saa tisa usiku, safi kabisa kwangu maana niko macho. Ila wenzetu wana mchezo wa kusogeza saa, ikifika Novemba wanairudisha nyuma, basi kipindi kinahamia saa kumi alfajiri mpaka Machi. Mwaka wa kwanza sikujua, nimekaa na spika yangu saa nzima nangoja Opry nasikia vitu vingine, nikaanza kuizima simu na kuiwasha, nikamlaumu mtoto wa dada bure. Na hali ya hewa yao msiiamini haraka, siku moja nasikia Nashville nyuzi 90 nikashika kichwa nikasema watu wanachemshwa hai, kumbe wanapima kwa kipimo chao kingine, 90 yao ni kama 32 yetu, joto ambalo hata Mwanza tunalijua.

Bando haliumi kama nilivyoogopa, nikisikiliza masaa matatu kwenye simu yangu halijawahi kumaliza robo ya GB. Tatizo ni mtandao, siutaji jina, kuna usiku pale Mwaloni unakatika katikati ya wimbo mtamu na ukirudi washaimba mwingine. Hilo sio kosa la redio.

Kuna mzee mvuvi wa Ukerewe, akija soko lazima anywe uji kwangu. Alfajiri moja wakampiga Jim Reeves, mzee akasimama na kikombe mkononi.

"Mayu, huyu si Jimurivi?"

"Ndiye, baba."

"Kumbe yupo!"

"Hayupo baba, alikufa kwa ndege 1964, hapohapo karibu na Nashville."

Akanyamaza akasikiliza mpaka mwisho, uji ukapoa, halafu akasema "sasa si bado anaimba" akalipa akaenda zake. Siku hizi akifika anauliza kwanza Jimurivi kashapigwa au bado.

Nisiwadanganye kwamba napenda kila kitu. Wakija vijana wapya wenye magitaa ya kelele napunguza sauti nakanda unga, nikitaka kelele zipo tele pale stendi. Ila ukivumilia dakika kumi anaingia bibi mmoja na gitaa lake tu na unasahau. Na wale watu wa Opry ni wabishi wa kazi, Mei 2010 mto wao ulifurika maji yakaingia ukumbini yakafunika jukwaa, wao wakahamia ukumbi mwingine kipindi kikaenda kama kawaida siku ileile iliyopangwa. Sisi tuliohamisha majiko na mabenchi mwaka 2020 ziwa lilivyopanda tunajua hiyo sio kazi ndogo.

Nawapa nyota nne na nusu, hiyo nusu nimeikatia kule kusogezasogeza saa ingawa najua ni nchi yao nzima, sio wao. Anayetaka kuonja aanze na Opry ya Jumamosi asianze mchana, mchana ni nzuri ila haina ule moto wa jukwaani.

Jumapili hii kuna mbalamwezi, wavuvi wa dagaa wengi hawatoki, genge litakuwa jepesi. Bando nishaweka na spika nimeichaji tangu jana. Mzee wa Ukerewe kaniagizia kwa kijana wa boti kwamba anakuja, nimwekee uji usio na sukari nyingi.