Visiwa vya Cyclades: panda meli kubwa, boti ya kasi iache ipite

Haya wapendwa, karibuni. Swali linalokuja kila nikitaja Ugiriki ni hili: ukitaka kuzunguka visiwa, upande boti ya kasi au ile meli kubwa ya polepole? Nalijibu mapema ili mwenye haraka zake aende: panda meli kubwa. Wewe mwenye nafasi kaa, nikueleze kwa nini.

Visiwa ninavyozungumzia ni vya Cyclades, katika Bahari ya Aegean: Paros, Naxos, Santorini na wenzao. Unaanzia Piraeus, bandari ya Athens. Ukishuka uwanja wa ndege, panda metro ya laini ya bluu. Tangu 2022 inakufikisha bandarini bila kubadilisha treni. Bandari yenyewe ni kubwa mno, kwa hiyo hakikisha namba ya geti lako kabla hujaanza kuburuta begi.

Sasa tulinganishe. Kutoka Piraeus hadi Naxos, boti ya kasi inatumia kama saa tatu na nusu hadi nne. Meli kubwa, tuseme za kampuni ya Blue Star, saa tano na kitu. Ukisikia hivyo unaona kasi ndiyo mpango. Lakini nauli ya boti ya kasi mara nyingi inakaribia mara mbili, na katika boti nyingi za aina hiyo unakaa ndani muda wote, kioo cha dirisha kimeganda chumvi, visiwa unavisikia tu vikitangazwa.

Halafu kuna upepo. Sisi Pwani tuna kusi na kaskazi. Wagiriki wana meltemi. Unavuma kutoka kaskazini, hasa Julai na Agosti, na ubaya wake unakuja mbingu ikiwa safi kabisa, jua linawaka, huku bahari imechafuka. Boti nyepesi inarukaruka na abiria wanashika mifuko ya kutapikia. Upepo ukizidi, mamlaka za bandari huzuia safari, na boti za kasi ndizo za kwanza kuzuiwa. Meli kubwa inatulia zaidi, nawe unatembea.

Na kutembea ndiyo raha yenyewe! Kata tiketi ya bei ya chini, isiyo na namba ya kiti, kisha panda moja kwa moja sitaha ya juu kutafuta benchi upande wa kivuli. Wagiriki wako pale na kahawa zao za baridi, bibi kafungua vyombo vya chakula, watoto wanakimbizana. Chakula cha melini ni ghali, kwa hiyo nunua mkate wa ufuta na maji kabla ya kupanda.

Kitu ninachokipenda kuliko vyote ni kushuka. Kisiwa kikikaribia, abiria mnaoshuka mnateremka chini kwenye sitaha ya magari. Rafu za mabegi zimeandikwa jina la kila kisiwa, harufu ya dizeli imejaa, malori yameshawasha injini. Meli inarudi kinyumenyume kuelekea gatini, na kabla haijasimama ule mlango mkubwa wa nyuma unaanza kushuka. Mwanga unaingia kwa chini, kwanza mstari mwembamba, kisha unaona maji yanachemka povu, kisha nyumba nyeupe. Baharia anarusha kamba, filimbi inalia, watu na pikipiki mnatoka pamoja. Dakika chache tu, meli imeondoka.

Naxos shuka. Ukiwa bado baharini utaiona Portara, mlango wa marumaru wa hekalu lililoanza kujengwa karne ya 6 kabla ya Kristo na halikumalizika. Viazi na jibini za pale ni za wenyeji wenyewe, na bei za vyumba zina huruma kuliko Santorini. Na hapo Naxos kuna meli ndogo, Express Skopelitis, inayowahudumia watu wa Irakleia, Schoinoussa, Koufonisia, Donousa na Amorgos. Inayumba, sikudanganyi. Lakini unakaa katikati ya wenyeji na maboksi yao ya mahitaji, na kila bandari ndogo mtu anapokelewa na ndugu. Hiyo naipa kumi kwa kumi.

Santorini ingia kwa meli ya polepole, ukiwa nje, maana unapita ndani kabisa ya kinywa cha volkano, na kuta za mwamba zinapanda karibu mita 300. Usiku mmoja unatosha, vyumba pale vinakamua.

Usalama mnauliza, na mna haki. Tarehe 26 Septemba 2000 meli ya Express Samina iligonga miamba karibu na Paros, watu takriban 80 wakafariki. Na ile meli ya MV Spice Islander iliyozama na kutuacha sote tukilia Septemba 2011, kati ya Unguja na Pemba, ilijengwa hukohuko Ugiriki mwaka 1967. Mimi nikipanda popote naangalia kwanza maboya yako wapi na mlango wa kutokea uko wapi. Fanya hivyo hata kama bahari ni shwari.

La mwisho, tiketi ya kurudi Piraeus usikate ya siku ileile ya ndege. Rudi siku moja kabla, ulale Athens. Meltemi ikikaza meli hazitoki, na ndege haitakusubiri.