Darubini ya Kununua kwa Mtazamaji wa Ndege, Vipepeo na Maua Visiwani

Mvua za vuli zikishakatika na upepo wa kaskazi ukaanza kuvuma, mashamba na misitu ya Unguja na Pemba huingia katika miezi yake bora kwa mtu anayependa kutazama. Ndege wa pwani waliotoka Ulaya na Asia huwa wamekwisha kutua katika matope ya Ghuba ya Chwaka, vipepeo hujaa kando ya njia za Jozani, na hata kule kwenye maweni, ambako mtu hadhani kwamba jiwe lile kavu linaweza kuotesha kitu, maua huchomoza katika nyufa. Katika miezi hiyo ndipo swali la darubini, ile ya macho mawili, hurudi tena na tena, na wengi hulijibu vibaya kwa sababu wanatafuta chombo cha kuvuta mbali, ilhali sehemu kubwa ya vitu vinavyostahili kutazamwa katika visiwa hivi iko karibu, tena kivulini.

Kila darubini huandikwa nambari mbili, kwa mfano 8x42. Ya kwanza ni ukuzaji, yaani kitu huonekana kana kwamba kimesogezwa karibu mara nane, na ya pili ni kipenyo cha lenzi ya mbele kwa milimita. Ukigawa ya pili kwa ya kwanza unapata upana wa duara la mwanga linaloingia jichoni, ambalo hapa ni zaidi kidogo ya milimita 5. Hesabu hiyo ndogo ina faida kuliko maneno yote yaliyoandikwa kwenye boksi. Mimi huongeza maswali mawili ambayo wauzaji wengi hawayapendi: je, darubini inaweza kuona kwa uwazi kitu kilicho karibu kiasi gani, na je, imezibwa isiingie unyevu?

Nafasi ya kwanza naipa 8x42 iliyozibwa na kujazwa gesi ya naitrojeni, inayoweza kuona kitu kilicho umbali wa mita 2 au 2.5. Celestron Nature DX 8x42 ni mfano mzuri wa bei ya wastani, nayo huona kuanzia mita 2. Mwenye fedha zaidi anaweza kutazama Nikon Monarch M5 8x42, ambayo huanzia mita 2.5 na hutoa rangi safi zaidi. Rangi si jambo la anasa hapa. Katika Msitu wa Ngezi, kaskazini mwa Pemba, anaishi ninga wa Pemba, mmoja kati ya ndege wanne wasiopatikana kwingine kokote duniani isipokuwa kisiwa hicho, na akitulia juu ya mti wenye matunda, kijani chake huyeyuka katika majani kiasi kwamba kioo duni hukuonyesha tawi tupu. Kioo kizuri hukupa lile bega la zambarau, na ukishaliona bega basi ndege mzima hujitokeza. Chozi wa Pemba, ambaye hufika hadi kwenye maua ya uani, naye hung'aa kijani na urujuani katika kioo cha kweli, lakini katika kioo duni huwa kijidude cheusi kinachorukaruka. Jua likizama, duara lile la milimita 5 huanza kulipa gharama yake, kwa kuwa bundi mdogo wa Pemba ni wa usiku na hukuachia dakika chache tu za mwanga wa kumtafuta baada ya kumsikia.

Umuhimu wa zile mita 2 niliufahamu nikiwa Ngezi hukohuko. Vipepeo saba au wanane walikuwa wamekusanyika juu ya tope la njia, mbawa zimekunjwa, kila mmoja amekunjua mrija wake anafyonza maji ya chumvichumvi ardhini. Darubini niliyokuwa nayo ilihitaji umbali wa karibu mita 6, hivyo nilianza kurudi nyuma hatua kwa hatua ili niwaone vizuri, mpaka mgongo ukagota mti na kundi zima likaruka. Mwenzangu, aliyekuwa na 8x42 ya kawaida tu, hakuondoka alipokuwa amesimama, na akahesabu hata madoa ya chini ya bawa.

Nafasi ya pili ni 8x32. Hoja zake ni zilezile, isipokuwa mwanga umepungua hadi duara la milimita 4 na uzito umepungua pia, jambo ambalo shingo hulishukuru baada ya saa tatu za kutembea. Kwa anayetoka asubuhi na kurudi kabla ya magharibi, tofauti ya mwanga si kubwa, na kwa mtoto wa skuli ningeinunua hii kabla ya ile ya kwanza.

Ya tatu ni chombo cha pekee: Pentax Papilio II 6.5x21. Jina lake ni neno la Kilatini la kipepeo, na halikutolewa bure, kwani huona kwa uwazi kitu kilicho sentimita 50 tu kutoka kwako. Lenzi zake za mbele husogeleana kadiri unavyolenga karibu, kwa hiyo macho mawili hubaki na picha moja badala ya mbili zinazopishana. Ukikaa nayo karibu na kichaka chenye maua pale Pete, mbele kidogo ya Jozani, utaona chavua iliyoganda miguuni mwa kipepeo, na ua lililoota katikati ya tope la mikoko utalichunguza bila kulikanyaga. Ingekuwa nafasi ya pili, pengine hata ya kwanza kwa mpenzi wa maua, lau kama ingekuwa imezibwa. Haikuzibwa, na kwa hali ya hewa yetu hilo ni kosa kubwa. Anayeinunua ajue kwamba amenunua pia kazi ya kuitunza.

Nafasi ya nne ni 10x42, ambayo wengi huitaka iwe ya kwanza. Ina mahali pake: maji yakitoka Chwaka, au ukingoni mwa mikoko ya Kisakasaka, ndege wako mbali, na ule ukuzaji wa ziada humtenganisha kitwitwi mmoja na mwingine. Hata hivyo mtikisiko wa mkono nao hukuzwa mara kumi, eneo linaloonekana hupungua, na ikifika saa sita mchana mvuke wa joto juu ya tope huichezesha picha hata faida yote ikapotea. Nenda asubuhi mapema, au wakati maji yanapojaa na kuwasukuma ndege wenyewe kuja kwako. (Kina mama wa mwani wakiwa katikati yako na ndege, wasalimu na uwaeleze unachotazama kabla ya kuinua darubini, kumwelekezea mtu kioo bila salamu ni utovu wa adabu.)

Ya tano ni 7x50 za mtumba, zile nzito za vyomboni. Mwanga wake ni mwingi, lakini jicho la mtu mzima mara nyingi halifunguki kiasi cha kuupokea wote, na nyingi haziwezi kuona kitu cha karibu. Zichukue kwa bei ndogo au uziache.

Chini ya hizo zote, na nje kabisa ya orodha, ziko zile zenye ukuzaji unaobadilika na zile zenye lenzi nyekundu kama rubi. Niliwahi kununua moja katika duka fulani hapa mjini, boksi likijisifu kukuza mara 90. "Shehe wangu," aliniambia muuzaji, "hii ukisimama Forodhani unawaona watu wa Bagamoyo wanakula." Sikumwona mtu wa Bagamoyo, niliona giza linalotikisika na mashua mbili pale palipokuwa na moja. Masika ilipokwisha, ndani ya lenzi kulikuwa na kitu kama utando wa buibui. Hiyo ni kuvu, ambayo huota katika unyevu na giza, hula mipako ya kioo, na gharama ya kuiondoa hupita bei ya darubini yenyewe.

Kabla ya kulipa, fanya majaribio mlangoni mwa duka, si ndani chini ya taa. Ishike darubini mbele yako kwa urefu wa mkono na utazame duara la mwanga katika kioo cha jicho: likiwa mviringo safi, vioo vya ndani ni vizuri, na likikatwa pembe kama almasi, vimebaniwa. Lenga waya wa umeme ulio mbali, uone kama ni mmoja au wawili. Mulika tochi kutoka upande wa mbele ukitafuta kuvu, hasa kwa kitu cha mtumba. Kisha mwombe muuzaji asimame hatua tatu kutoka kwako na uyatazame makubadhi yake. Ukiweza kuzihesabu nyuzi za mshono, vipepeo hawatakushinda. Anayevaa miwani ajaribu akiwa ameivaa, na aulize kama jicho linaweza kukaa milimita 15 au zaidi kutoka kwenye kioo bila kupoteza kingo za picha.

Kwa maua, ongeza kioo kidogo cha mkono cha kukuza mara 10, ambacho bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na darubini. Kiweke karibu kabisa na jicho, kisha ulisogelee ua kwa kichwa chako mpaka liwe wazi; wanaokishika juu ya ua na kusimama mbali nacho hawaoni kitu.

Chumvi ya bahari na mchanga visifutwe kwa upindo wa kanga au kikoi, kwani punje moja hukwaruza mipako ya lenzi. Darubini iliyozibwa huoshwa kwa maji baridi ya kisima au ya mfereji, kisha hukaushwa kivulini. Mkoba wa ngozi unaokuja nayo ni mzuri wa kubebea, lakini kabatini ndio nyumba ya kuvu. Yangu inalala katika kopo la plastiki lenye mfuniko wa kubana, pamoja na vipakiti vya kunyonya unyevu nilivyovikusanya kutoka katika maboksi ya viatu, nami huvibadilisha kila mwanzo wa masika.