Filta Nyekundu Inayogeuka Chungwa

Haya, karibuni tena, na leo nina hasira kidogo kwa hiyo msiondoke. Hii mkononi ni filta ya nanomita 656, yaani inapitisha mwanga wa wimbi la urefu huo tu, ule mwekundu wa hidrojeni, wapiga picha za nyota mnaijua. Ukubwa, fremu, kisanduku, hayo naruka.

Tazama hapa. Taa nyeupe nyuma, filta mbele ya kamera, imesimama wima. Nyekundu, si ndiyo? Sasa naiinamisha. Polepole... umeona? Digrii 45, rangi ya chungwa! Narudisha, nyekundu. Nainamisha, chungwa. Sijahariri kitu, ni mkono wangu tu. Na ukiitazama kwa mbele ni kioo cha kujitazamia kabisa, hata ndevu nanyolea.

Chukua sasa hii ya zamani, ya kioo chekundu. Inamisha utakavyo, nyekundu ni ile ile, kwa sababu rangi imo ndani ya kioo na inameza mwanga usiotakiwa. Hii mpya haimezi, inaurudisha ulikotoka. Ina tabaka nyingi juu yake, kila moja nyembamba kuliko wimbi la mwanga, na miale inayodunda humo mingine inaongezana nguvu, mingine inafutana. Rangi za povu la sabuni, mchezo ni huo huo. Ukiinamisha, kinachopita kinasogea kwenye mawimbi mafupi. Mimi video iliyopita nilisema marefu, mkanisulubu kwenye komenti. Haya, mlishinda.

Sasa hasira yangu. Dirisha la filta hii, yaani kile kipande cha mawimbi kinachoruhusiwa kupita, lina upana wa nanomita 10 tu. Nikaifunga mbele ya lenzi pana, ya kuchukua eneo kubwa la anga, nikakesha napiga nebula, lile wingu la gesi angani. Katikati safi, pembeni hamna kitu! Nikalaumu lenzi, nikalaumu umande. Kumbe miale ya pembeni inaingia kwa mshazari, na ikifika digrii 20 dirisha limeshahama kama nanomita 10, hidrojeni yangu inabisha hodi ukutani. Kisanduku kimeandika hayo? Wapi! Na bei yake ni ya kununulia lenzi nyingine.

Ila... kwenye lenzi ya milimita 200, ile ya kuvuta vya mbali, jamani. Miale inaingia karibu imenyooka, na ile nebula ilitoka hadi nyuzinyuzi zake. Nilinyamaza. Siiuzi.

Jumanne naipambanisha na yenye dirisha la nanomita 3, bonyeza kengele. Na mwenye kitambaa safi anisaidie, nimeacha alama ya kidole gumba katikati kabisa.