Mashindano ya Go ya wikendi hapa Ujerumani: euro 25 zina thamani?

Nyota 4 kati ya 5. Kwa asiyeijua, Go ni mchezo wa ubao ambao wawili, mmoja kwa kete nyeusi na mwingine kwa nyeupe, wanashindana kuzingira eneo kubwa zaidi. Nililipa euro 25 kwa raundi tano, tatu Jumamosi na mbili Jumapili, na wakiandaa tena naenda.

Mtu niliyekulia kwenye baraza za bao kule Tanga, ambako watazamaji wana kelele kuliko wachezaji, ule ukimya ulinitisha. Ukumbi umejaa watu, unachosikia ni kete tu zinagonga ubao.

Kilichonifurahisha zaidi ni upangaji. Wanatumia mfumo wa McMahon: unaanza na alama kulingana na daraja lako, halafu kila raundi unapewa mtu mwenye alama kama zako. Mimi ni kyu 11, yaani bado niko madaraja ya chini, kwa hiyo sikutupiwa wenye dan, wale wa madaraja ya juu, wanitafune. Karibu kila mchezo ulikuwa wa kubanana.

Raundi ya tatu ndiyo siisahau. Nilishika nyeupe dhidi ya mzee mmoja mstaafu. Kwa kuwa nyeusi ndiye anayeanza, nyeupe hufidiwa pointi 6.5, na hiyo nusu imewekwa makusudi ili kusiwe na sare. Tulipomaliza, kila mmoja akatoa mateka, yaani kete alizomkamata mwenzake, kwenye kifuniko cha bakuli, akawajaza ndani ya eneo la mwenzake, kisha tukapanga nafasi zilizobaki katika mistatili zihesabike haraka. Yeye 48, mimi 42. Weka 6.5 juu ya 42 zangu: nimemzidi nusu pointi, na mshindi ni mimi! Mzee wa watu akacheka, akazoa kete zote, akaanza kuurudia mchezo mzima kwa kichwa hadi pale kona yake ilipomponyoka.

Halafu kuna chumba cha pembeni ambako wachezaji wa dan wanakukagulia mchezo wako bure. Ukishindwa vibaya, nenda huko kabla ya kwenda chooni kulia. Kwangu chumba hicho peke yake kinarudisha kiingilio.

Sasa lawama. Meza za mbele zina mbao nene nzuri na kete za kioo, sisi wa nyuma tumewekewa mbao za kukunja zinazoinuka katikati, kete zinateleza. Saa ya meza yetu betri ilikuwa inakufa, na mwamuzi alijivuta kuja wakati mimi nimebakiwa na sekunde 30 kwa kila hatua. Raundi ya pili ilichelewa, mapumziko yakaliwa. Chakula ni soseji ya nguruwe na viazi vilivyopoa. Asiyekula nguruwe ajibebee chake.

Wageni msiogope usajili. Hakuna anayedai cheti, unataja daraja unalochezea mtandaoni na wanakupanga hapo. Ila fika mapema Jumamosi, maana asiyeripoti kabla ya muda hapangwi raundi ya kwanza.