Uzoefu wangu na mkusanyo wa rekodi za Boswell Sisters, 1930 hadi 1936

Nilinunua mkusanyo huu wa CD tatu za Boswell Sisters, dada watatu Wamarekani walioimba jazi, kwa sababu nilikuwa nimesoma mara nyingi mno kwamba Ella Fitzgerald, mwimbaji mashuhuri wa jazi, alijifunza uimbaji kwa kumsikiliza mmoja wao, Connie Boswell, ilhali mimi mwenyewe nilikuwa sijamsikia huyo Connie zaidi ya nyimbo mbili tatu zinazorudiwa kila mahali. Fitzgerald hakuwahi kulificha jambo hilo, na hata usiku ule wa Novemba 1934 aliposhinda shindano la vipaji katika ukumbi wa Apollo, Harlem, New York, aliimba kwa kumfuata Connie. Baada ya kuusikiliza mkusanyo mzima, naona kwamba sifa hiyo, ingawa ni ya kweli, inawapunja akina Boswell. Inamfanya mtu adhani kwamba hapa palikuwa na mwimbaji mmoja mkubwa na wasaidizi wawili, wakati kilicho adimu katika rekodi hizi ni namna nyimbo zilivyopangwa, na kazi hiyo ilikuwa ya dada wote watatu.

Martha, Connie na Helvetia, ambaye wote walimwita Vet, walilelewa New Orleans na kufundishwa muziki wa kiklasiki wangali wadogo: Martha piano, Connie selo, Vet fidla. Wakati huohuo mji wao ulikuwa umejaa jazi, nao waliisikia na kuipiga nyumbani pamoja na wanamuziki vijana waliowatembelea. Kampuni ya Victor iliwarekodi kwa mara ya kwanza mwaka 1925, Vet akiwa bado hajatimiza miaka 14. Connie hakuweza kutembea tangu utotoni, hivyo jukwaani aliimba akiwa ameketi, huku dada zake wakimzunguka kwa ukaribu. Redioni jambo hilo halikuonekana kabisa, na ni redio ndiyo iliyowatoa California, walikokuwa wamehamia, na kuwafikisha New York mwaka 1931, kwenye vipindi vya CBS na mkataba wa kurekodi na kampuni ya Brunswick.

CD ya kwanza na nusu ya CD ya pili, yaani rekodi za 1931 na 1932, ndizo zinazostahili bei yote ya mkusanyo. Msomaji aliyewahi kuimba kwaya atanielewa nikisema kwamba kwa kawaida sauti ya kwanza hushika wimbo na nyingine huuegemea, na anayesikiliza hupotea mara chache sana. Kwa akina Boswell, wimbo huanza kama unavyotarajia, kisha ghafla kasi inashuka karibu nusu, ufunguo unahama kutoka meja, yenye sauti ya uchangamfu, kwenda maina, yenye sauti ya huzuni, maneno ya kiitikio yanakatwa vipandevipande, na sauti tatu zinageuka kuwa kundi la matarumbeta linalojibizana, kabla ya kurudi kwenye wimbo kana kwamba hapakutokea lolote. Katika “Shout, Sister, Shout” utasikia jinsi wanavyochezea uzito na wepesi wa mdundo bila hata mmoja wao kuyumba. Katika “Everybody Loves My Baby” wanaimba sehemu nzima kwa lugha ya mchezo waliyoibuni utotoni, ya kuingiza silabi za ziada katikati ya maneno, na wanaitamka kwa pamoja kwa kasi inayoniacha nikicheka kila mara.

Sauti zao pia zilifanana kiasi kwamba, ukimwacha Connie anapoimba peke yake, ni vigumu kusema nani ameshika ipi. Nimejaribu kwa spika za masikioni, nikirudia mistari michache tena na tena, na bado nabahatisha. Nadhani maikrofoni iliwasaidia sana hapa, kwa maana hawakulazimika kupaza sauti ili wafike nyuma ya ukumbi. Waliimba kwa utulivu, vichwa vikiwa karibu.

Wapigaji waliowasindikiza hawakuwa watu wa kujazia nafasi tu. Ndugu wawili Tommy na Jimmy Dorsey wamo katika rekodi nyingi, na kwa nyakati mbalimbali wamo pia Bunny Berigan kwenye tarumbeta, Joe Venuti kwenye fidla na Eddie Lang kwenye gitaa. Kijitabu kilichomo ndani ya boksi hakiwataji. Kinatoa majina ya nyimbo, tarehe, na aya chache za sifa. Hakielezi vilevile kwamba dada hawa Wazungu walijifunza sehemu kubwa ya mtindo wao kutoka kwa waimbaji na wapigaji Weusi, wala kwamba mwaka huohuo wa 1931 Brunswick iliwarekodi pia Mills Brothers, vijana Weusi wanne kutoka Ohio walioiga ala kwa midomo kwa ustadi usiopungua wa akina Boswell. Mtu akitaka kuelewa uimbaji wa vikundi wa miaka ile, namshauri asikilize makundi hayo mawili kwa zamu.

Malalamiko yangu makubwa ni kuhusu usafishaji wa sauti. Waliotayarisha mkusanyo wameondoa mikwaruzo ya santuri kwa bidii iliyopita kiasi, na katika nyimbo kadhaa za CD ya pili wameondoa pia pumzi, herufi “s” na mng’ao wa matoazi. Mimi ningevumilia mikwaruzo.

CD ya tatu nimeisikiliza mara chache zaidi. Humo mna “The Object of My Affection”, iliyopendwa mno mwaka 1935, na “Rock and Roll” ya 1934, ambayo licha ya jina lake inahusu mawimbi ya bahari na ilitumika katika filamu. Kisha zinakuja rekodi za Decca, kampuni ya Jack Kapp, aliyewasimamia tangu Brunswick na aliyetaka siku zote wimbo usikike wazi kama ulivyoandikwa. Nyimbo hizi ni safi na zinachezeka, ila zile kona za ghafla zimepungua. Rekodi yao ya mwisho wakiwa watatu ni ya Februari 1936. Wote walikuwa wameolewa au wakielekea kuolewa, Martha na Vet wakaacha kuimba, na Connie akaendelea peke yake. Andrews Sisters, kundi jingine la dada watatu waliokua wakiwaiga, walipata umaarufu mkubwa zaidi kwa kuchukua ule upande uliochezeka na kuuacha ule uliosumbua.

Nimeupa mkusanyo huu nyota nne kati ya tano. Nyota moja imekwenda na usafishaji pamoja na kijitabu. Nyimbo za Connie peke yake zilizowekwa mwishoni zinapendeza, lakini hazikuwa za kundi, na nafasi yake ingetosha kuweka ile rekodi ya 1925, ambayo haimo na ambayo nalazimika sasa kuitafuta kwingine.